Nilivyomtabiria mjane wa Bwera ushindi wa Best Actress, na ukoo ukataka kumfukuza nyumbani

Wakuu, habari za muda huu.

Vuteni viti, uzi ni mrefu kidogo. Mengi nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu, machache nilisimuliwa na waliokuwepo, na sehemu moja nilikuwa chooni. Tukifika hapo nitawaambia.

Mimi ni Mganda wa Kasese mjini, wengi wananiita Papa Biira. Kiswahili nilikiokota sokoni Mpondwe, pale mpakani na Kongo, kisha nikakinyoosha Mwanza nilikopiga kazi miaka kadhaa. Nikikosea ngeli mnisamehe, msiniletee ualimu.

Niliporudi Kasese nikafungua duka la filamu. Unakuja na flash yako, unachagua, nakuwekea, unaondoka. Lakini kilichonipa jina mjini si duka, ni predictions. Tuzo kubwa za ng'ambo zikiwa bado mbali, hata nominees hawajatangazwa, mimi nishabandika mlangoni nani atabeba nini. Na nilikuwa napatia, tena filamu nyingine sijaziona hata trailer.

Siri yangu nawapa bure: angalia nani kalia. Anayelia huku make-up imetulia hapati kitu. Anayelia mpaka kamasi zikashuka na asizifute, huyo mpe tuzo yake aende nayo nyumbani.

Sasa, miaka ya 2010 na kitu, kikundi kimoja cha vijana wa sanaa kikatangaza tuzo za filamu za kwetu wenyewe. Masharti mepesi: filamu yoyote iliyopigwa ndani ya wilaya.

Tatizo likawa filamu zenyewe. Movie yenye script ilikuwa moja tu, ya mapenzi, ambayo saa nzima ya kwanza jamaa anatembea kando ya mfereji wa Mubuku akimuwaza demu. Demu anatokea watazamaji wameshalala.

Wapiga video wa mtaani wakaona huo ndio upenyo. Wakapeleka walichonacho: harusi, ubatizo, graduation, mazishi. Waandaaji wakapokea zote, wakasema filamu ni filamu.

Basi nikaingia kazini.

Best Supporting Actor nikampa kiboko mmoja aliyeingia kwenye harusi kule Mweya, ndani ya mbuga, akala maua ya bibi harusi na kuondoka bila haraka. Hakuzidisha, hakupunguza. Wakuu, kuna waigizaji wanalipwa na hawana ule utulivu.

Kwa Best Actress hakukuwa na mjadala.

Rafiki yangu Masereka alikuwa amepiga video ya mazishi ya Mzee Kule wa Bwera, ili ndugu wa mke walioko Butembo, Kongo, ambao hawakuweza kuvuka mpaka wayaone. Lakini Masereka hajui kuacha kitu kilivyo. Akaweka slow motion, akaweka muziki wa vinanda, akaweka njiwa wanaruka, kisha akaipeleka kwenye tuzo.

Mjane ndiye Mama Kahindo, mwanamke wa Butembo aliyeolewa Bwera, muuza maharage wa soko la Mpondwe. Kuna sehemu analia, ghafla ananyamaza, anasogea kwenye jeneza na kumgombeza marehemu:

"Kule, ulisema unaenda kuleta mabati. Mabati iko wapi? Mvua inakuja, na weye unalala!"

Kamasi zinashuka, hafuti. Kila nilipoiangalia pale dukani nilifunga mlango kwanza, maana nilijua nitalia.

Nikaandika: Best Actress, Mama Kahindo, hana mpinzani. Nikabandika mlangoni na kutupia kwenye group letu.

Aliyekuja kwanza kulalamika si mjane. Ni shemeji yake, Mbusa, mdogo wa marehemu.

Kwenye video ile Mbusa anajitupa kaburini. Yaani, anataka kujitupa. Kwanza anavua koti, analikunja vizuri, anampa jirani simu amshikie, anatazama kamera iko wapi, ndipo anakimbia akipiga mayowe na wanaume wanamdaka. Mimi nilikuwa nimemweka wa pili kwenye Supporting.

"Mimi nilikuwa naingia mu kaburi na mwili yote," akaniambia, "na wewe unaniweka nyuma ya kiboko?"

"Kiboko hakutazama kamera," nikamjibu.

Hakupenda. Akaendelea kusoma ile karatasi, kidole kikashuka mpaka kwenye jina la shemeji yake, kikasimama hapo. Akatabasamu, akaipiga picha kwa simu, akaondoka bila kuaga. Nikadhani amemfurahia shemeji. Mimi wakati mwingine ni mjinga, wacha niseme tu.

Kwetu matanga yakiisha, ukoo unakaa kikao kuamua mambo ya marehemu: nani anabaki nyumbani, nani anaangalia watoto. Mbusa aliitaka ile nyumba ya kaka yake pamoja na kahawa iliyo nyuma yake. Alichokosa ni sababu, na mimi nilikuwa nimembandikia mlangoni.

Akainua simu mbele ya ukoo. Akasema mtaalamu wa filamu wa Kasese amethibitisha kwamba huyu mama ndiye mwigizaji bora wa kike. Maana yake machozi yalikuwa ya kuigiza. Mke ambaye hakumlilia mumewe kwa kweli arudi kwao Kongo.

Nikaitwa Bwera kutoa ushahidi.

Mwenyekiti wa ukoo ni mwanajeshi mstaafu, wote wanamwita Afande. Hana salamu.

"Wewe mutu ya sinema! Simama! Best Actress ni nini?"

"Mwanamke aliyeigiza vizuri kuliko wote, Afande."

"Hii mama aliigiza?"

"Hapana, Afande. Alilia kweli."

"Sasa uliandika nini?"

"Niliandika kwa sababu alilia vizuri."

"Kaa chini!"

Nikakaa. Nimeangalia sinema nyingi za mahakamani na sijaona shahidi aliyeiharibu kesi haraka vile.

Mama Kahindo alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mdogo kamlalia mapajani. Akaniangalia.

"Papa Biira, mimi nililia bwana yangu. Siku ile sikuona hata kamera. Sasa unanipa numero moja, batoto yangu batalala wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Afande akakata shauri. Yeye si mtu wa sinema, wanaojua ni majaji wa tuzo. Kwa hiyo ukoo ungengoja.

"Wakimupa tuzo, iko muigizaji, anarudi kwao. Wakimunyima, alilia kweli, anabaki na nyumba. Tawanyika!"

Hebu someni tena hapo, wakuu. Nyumba ya mjane imewekwa mikononi mwa majaji wa tuzo za filamu. Na mimi ambaye sijawahi kukosea nikaanza kusali nikosee.

Kesho yake nikachana karatasi, nikamweka juu bibi harusi mmoja wa Nyakalengija aliyezimia kanisani. Watu wakasema nimehongwa. Kwenye group wakaanza kumpigia debe Mama Kahindo kwa hasira, hata wale ambao video hawajaiona.

Masereka akaenda kuiondoa video mashindanoni. Akaambiwa ikishapokelewa imepokelewa.

Mama Kahindo akaenda mwenyewe kwa waandaaji kuomba jina lake lifutwe. Akawaeleza habari ya nyumba, habari ya watoto, katikati ya maelezo akashindwa kujizuia, akalia pale pale ofisini. Vijana wakaitana waje waone. "Natural kabisa!" wakasema, na jina halikufutwa.

Kila tulichofanya kumshusha kilimpandisha. Nikafunga duka mapema siku hiyo, nikaiangalia tena ile video, safari hii simwangalii anayelia. Namwangalia anayekunja koti.

Nikajiuliza: hivi Afande alisema sheria yake ni ya wanawake peke yao?

Asubuhi nikatoa predictions mpya. Mbusa nikamtoa kwenye Supporting, nikampandisha Best Actor, tena nikamwandikia aya nzima. Nikasifu maandalizi yake, mbio zake, na namna alivyojua kamera ilipo bila kuitafuta sana. Majirani zangu wanaonijua wakaniuliza kama naumwa.

Mbusa akaja kupiga picha na karatasi. Akaninunulia soda. Wiki ile nzima hakutaja nyumba wala kahawa, alichouliza ni mshindi huwa anavaa nini.

Siku ikafika. Jumapili mchana, ukumbi wa shule moja pale Kasese. Ukoo wote ulitoka Bwera, Afande mstari wa mbele. Tuzo zenyewe zilikuwa fimbo za kupandia mlima, kazi ya fundi anayewachongea watalii, zimepakwa rangi ya dhahabu ambayo haijakauka vizuri.

Kiboko alipotangazwa ndipo nilipokuwa chooni. Nimeambiwa alishinda, na bwana harusi akampokelea.

Best Actress.

"Mama Kahindo!"

Ukumbi ukalipuka. Mimi nikashika kichwa. Mbusa akageuka kumtazama Afande, na uso wake ulikuwa unasema si niliwaambia.

Mama Kahindo akasimama lakini hakwenda mbele. Akangoja kelele zipungue.

"Aksanti," akasema. "Lakini mimi sikucheza filme. Ile fimbo mupatie mwenye alicheza."

Akakaa. Watu wakashangilia mara mbili ya mwanzo, wakidhani ndiyo hotuba. MC akabaki ameshika fimbo, hajui aiweke wapi.

Best Actor. Wakuu, Mbusa alikuwa jukwaani kabla jina lake halijaisha kutajwa. Akaikumbatia fimbo, suti ikashika rangi, hakujali.

"Nashukuru Mungu kwa hii kipaji," akasema. "Watu wanafikiri kulia ni rahisi. Mimi siku ile machozi ilikataa kabisa! Nikajiambia, Mbusa, ingia mu kaburi! Masereka hakukuwa tayari na kamera, nikamwambia tulia, tunarudia. Tukarudia!"

Nikamgeukia Masereka. "Mlirudia?"

"Mara mbili," akasema, macho chini. "Ya kwanza hawakumdaka vizuri."

Afande akainuka. Hakungoja kikao wala kurudi Bwera.

"Mbusa! Simama hapo hapo! Hiyo fimbo ni yako?"

"Ndiyo, Afande!"

"Umeipokea kwa mikono yako?"

"Ndiyo, Afande!" Akaonyesha viganja, vya dhahabu vyote viwili.

"Hii mama amepokea?"

Hapo Mbusa akaanza kuona anakopelekwa. "Amekataa, Afande."

"Basi muigizaji iko moja. Nyumba ni ya mwenye alilia. Kikao imekwisha!"

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, wageni wakiamini ni mchezo ulioandaliwa. Mbusa, kwa kuwa makofi yalikuwa yanaendelea, akainama kuyapokea.

Msimwonee huruma. Jina lilimkaa. Nasikia anaitwa kwenye misiba hadi ng'ambo ya mpaka, kwenye familia zenye waombolezaji wachache, na anafika na koti lake. Nyumba hajaigusa tena.

Majuma yakapita, Mama Kahindo akaja dukani. Nikadhani kaja kunisema, na nilistahili. Kumbe kaja kuniomba aione ile video, maana hakuwahi kuiona.

Nikampa kiti. Alijitazama akimgombeza mumewe na hakulia. Mbusa alipoanza kukunja koti akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka naye. Mwishoni yakapita majina aliyopanga Masereka: yeye, Mbusa, padri, kwaya, wachimba kaburi, mpishi wa msiba, hata mwenye jenereta.

Akaniomba niyarudishe. Nikayarudisha. Akaomba tena.

"Papa Biira," akasema, "Kule iko wapi?"

"Si ndiye aliye kwenye jeneza, mama."

"Ile najua. Jina yake. Watu yote mu hii filme iko na jina. Yeye hapana."

Ile video nimeiangalia sijui mara ngapi, nimeipima machozi, kamera, koti. Ukoo mzima umeigombania. Majaji wameipa fimbo mbili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba marehemu mwenyewe hayumo.

Nikampigia Masereka, akaja na kompyuta yake. Akamuuliza mama aandike nini. Mama Kahindo akamwambia aandike jina tu, Kule, peke yake, juu ya wengine wote. Alipoliona limetokea kwenye kioo ndipo akalia. Masereka hakugusa kamera yake, na mimi niligeukia ukutani.

Nilichojifunza wakuu ni hiki: msibani nenda ukazike, usiende kukagua nani analia vipi. Predictions bado natoa, lakini za ng'ambo tu, za watu wanaolipwa kulia.

Kama na kwenu ukoo umewahi kuwapimia watu machozi, shusheni hapo chini tujuane. Wa kuniuliza kiboko alipata kura ngapi, nimeshasema nilikuwa chooni.