Pijo na Foksi Hadi Kasulu

Mwaka petroli ilipoadimika, mimi na mume wangu tulikubaliana kuuza gari moja kati ya mawili. Yeye alikuwa na Pijo 404, mimi Foksi kuukuu, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mimi ni mkunga. Bila Foksi ile ningekuwa nafika vijijini kwa miguu, mtoto keshazaliwa au keshakufa. Mume wangu, Baba Asha, mzaliwa wa Tanga, aliiita sufuria yenye magurudumu.

"Twende Kasulu na kurudi," akasema. "Litakalokwama linauzwa."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Kibondo, kila mtu na lake. Penye barabara kavu sina la kujitetea: Pijo iliniacha vibaya. Ilipita juu ya mashimo kama haiyaoni, dereva wake akibadili gia kwa vidole viwili kwenye usukani. Foksi ilinirusha mpaka kichwa kikagonga dari, na milimani ilipanda kwa gia ya pili, injini ikinguruma nyuma yangu.

Saa nne, karibu na Nyakitonto, nilimkuta bondeni amepunguza mwendo. Mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa uji. Mkulima mwenye jembe begani alimpungia mkono: "Subira, mzee! Subira!"

Mtu wa Tanga akaona anaambiwa avumilie. Akashukuru kupitia dirishani, akaendelea taratibu, kwa adabu zote. Mimi nimekulia Buhigwe. Kwa Kiha, kusubira ni kurudi. Nilikuwa na nafasi ya kupiga honi. Sikupiga.

Pijo ilizama mpaka tumboni. Uzito wa injini uko mbele, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalizunguka tu. Nikarudi nyuma kidogo, nikapita pembeni penye majani. Foksi, ambayo injini yake inakandamiza magurudumu ya nyuma, ilijikokota mpaka ng'ambo.

"Nimekuwa na subira, Mama Asha, si umeona?" alisema, tope magotini. Mkulima akaita wenzake, wakaitoa Pijo kwa kamba na matawi.

Kasulu tulilala kwa binamu yake, muuza vitambaa. Aliposikia habari, alicheka. "Basi, bwana, Pijo iuzwe."

"Iuzwe," Baba Asha akakubali, bila kinyongo. Nilikuwa nimeshinda. Niliona aibu.

Kesho yake tulirudi kwa njia iliyokwisha kukauka, Pijo ikinitangulia tena. Jioni, Kibondo, nilimwambia maana ya neno lile, na kwamba nililisikia nikanyamaza.

Akajimiminia chai. Kisha akauliza, "Masika hii umewafikia akina nani kwa Foksi?"

Nikaanza kumtajia majina. La tatu lilikuwa la dada yake.

"Inatosha," akasema. "Foksi haiuzwi."

Kwenye kavu, Pijo ni gari hasa. Kwenye tope, nipe Foksi. Hayo ya magari niliyajua kabla ya kuondoka. Nisichokijua ni kwamba ningeweza kumtazama mume wangu akizama, mkono wangu uko juu ya honi.