Uchaguzi wa Marekani ulioenda sare staffroom yetu Ziwa, na ndama wangu aliyekuwa Moiben

Wakuu, vuteni viti. Hii niliishi mwenyewe, na chumvi niliyoongeza ni ile ya kuonja tu.

Mimi ni mwalimu wa History. Kwetu ni Nyamira, lakini miaka ile nilikuwa nafundisha sekondari moja pale Ziwa, nje ya Eldoret.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mwalimu Kiptoo wa Maths, mtu wa Moiben. Aliniita Omogaka, yaani mzee kwa Kikisii, ingawa mwenye kipara ni yeye.

Nilikuwa nimepanga nyumba, sina shamba. Niliponunua mtamba, Kiptoo akasema, "Mlete kwetu."

Watu wa huku wana desturi hiyo tangu zamani. Unamwekea rafiki ng'ombe kwenye boma lake. Yeye anakama na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki wako. Hakuna kuandikiana. Dhamana ni urafiki wenyewe.

Kisha ukaja ule uchaguzi wetu wa 2007. Mnajua yaliyofuata, sitarudia. Familia yangu ililala uwanjani na mablanketi, halafu tukapanda lori hadi Nyamira.

Shule zilipofunguliwa nilirudi peke yangu.

Staffroom ilikuwa imegawanyika bila mtu kutoa amri. Walimu wa huku upande wa dirisha. Sisi wa kutoka mbali upande wa mlango. Mnaelewa kwa nini mlango.

Kiptoo alikuwa ananiambia "Good morning, Mwalimu" kama inspector. Omogaka ilikuwa imekufa.

Na ng'ombe sikuuliza. Kama alichinjwa, basi urafiki pia ulichinjwa, na nilikuwa bado sijawa tayari kuuzika.

Sasa, Form Four kuna topic ya uchaguzi wa Marekani. Siku hiyo mwanafunzi akauliza, "Sir, na wakifungana?"

Niwaelezee polepole, si ngumu. Rais wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Kila state ina wajumbe wake, jumla 538, na mwenye zaidi ya nusu ndiye mshindi.

Break ya chai nikawa bado nawaza kwa sauti. Kwamba kama state fulani ingeenda upande mwingine, historia ingebadilika...

"269."

Ilitoka dirishani. Kiptoo, macho bado kwa vitabu anavyosahihisha. "538 ni even number. Sare inawezekana."

Nikasema kwa tahadhari, "Ikitokea, House, bunge lao la wawakilishi, inachagua rais. Kila state kura moja."

"States ngapi?"

"Hamsini."

"Hiyo pia ni even!" Akatupa kalamu. "Nani aliwapigia hawa watu hesabu?"

Staffroom ikacheka. Mara ya kwanza muhula huo.

Basi ikawa mchezo wetu. Yetu ya nyumbani hatukuweza kuyagusa, lakini Marekani tuliipindua kila break. Rais na makamu wake wamepotea na ndege moja, nani anashika? Speaker wa House. Rais amekufa na makamu amekataa kuapa? Speaker. House imefungana na Senate imeshindwa kuchagua makamu? Speaker tena.

Sheria ilikuwa moja tu: ukitaja mwanasiasa wa Kenya, unanunulia wote mandazi. Mwalimu wa Physics alitulisha sana.

Viti vikaanza kusogea. Na Mama Chebet, mpishi wetu, alikuwa analalamika, "Hii Marekani yenu inanipozea chai."

Ijumaa moja nikawafikisha kwenye sare tamu kuliko zote. House inachagua rais, Senate inachagua makamu. Kwa hivyo wapinzani wawili wanaweza kujikuta rais na makamu wake.

Mama Chebet akasimama na birika. "Ngoja, Mwalimu. Hawa walitukanana mwaka mzima, sasa wako serikali moja?"

"Ndiyo, Mama."

"Na asubuhi, nani anaanza kumsalimia mwenzake?"

Katiba yao naijua, lakini hilo halimo.

Kiptoo akakohoa. "Omogaka."

Nikaacha kikombe.

"Ng'ombe wako alizaa. Tangu mvua ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Nilingoja uulize. Nikaona huulizi, nikasema huyu anadhani tulimla."

"Nilikuwa nadhani."

"Wewe!" Akacheka mpaka kipara kikang'aa. "Baba amekataa kumpa ndama jina. Anasema jina ni la mwenye ng'ombe. Tunamwita 'Wewe' tu."

Jumamosi nikaenda Moiben. Sitawadanganya, pale geti nilifunga kamba za viatu mara mbili kabla ya kubisha.

Baba yake Kiptoo akaja na gumboots zake, akanishika mkono asiuachie. Akanimiminia mursik, maziwa ya kuchachua ya kibuyuni, akangoja nimalize kikombe ndipo akaongea.

"Siku zile vijana walikuja kuuliza huyu ng'ombe ni wa nani. Nikawaambia ni wa mwanangu."

Akatikisa kibuyu kidogo.

"Hawakuuliza mwana yupi."

Wakuu, niliangalia pembeni, nikajifanya nakagua ndama.

Alikuwa jike, miguu mirefu, masikio makubwa kama ya mtu anayesikiliza kesi.

"Speaker," nikasema.

"Ni nani huyo?" Mzee akauliza. Kiptoo akamwelezea kwa Kikalenjin, taratibu, kwamba wakubwa wawili wakikosekana kwa pamoja, huyu ndiye anashika boma.

Mzee akafikiria. "Basi apewe majani ya kutosha."

Familia yangu ilirudi, nyumba ile ile. Speaker sasa ana wajukuu. Na kila msimu wa uchaguzi ukianza kuwa moto, mimi na Kiptoo tunapigiana simu na kuhamia Marekani kwanza, mpaka damu itulie.

Funzo langu ni dogo. Mkishindwa kuongea ya kwenu, anzeni na ya mbali, mdomo uzoee tena. Lakini usikae muhula mzima ukingoja mwenzako aulize. Pengine naye anakungoja, na ndama hana jina.

Haya, leteni Marekani zenu: ni uchaguzi gani mngegeuza, na nani angeshika? Sheria ni ile ile. Atakayetaja wa kwetu, mandazi ni juu yake.