Caleb Ooko na Mazishi Yaliyokwama

Mtaa mzima wa Kaloleni ulijua kwamba Caleb Ooko hurusha mazishi mtandaoni. Mtu akizikwa kijijini, Ugenya au Alego, kamera ya huko ilituma picha kwenye kompyuta ya Caleb, nayo ikawagawia jamaa walioko mbali, kila mmoja kwenye simu yake.

Mimi naitwa Mama Whitney, jirani wa Mama Apondi huku mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita. Mama Apondi alikuwa amevunjika nyonga. Mumewe, fundi wa reli mstaafu, alipofariki, hakukuwa na namna ya kumfikisha mjane mazishini Ugenya. Basi akapatana na shemeji yake: sanduku lifunguliwe mbele ya kamera, na lisifungwe mpaka yeye mwenyewe amwone mumewe na aseme kwa simu, "Mfunge." Caleb, aliyelelewa mlango wa pili kutoka kwao walipokuwa wakiishi Kaloleni, aliapa picha haitakatika.

Kwa kuogopa wingi wa watazamaji, wiki hiyo akabadilisha programu yake. Zamani kila kipande cha picha kilinakiliwa kwanza ndipo kitumwe, na kunakili huko kuliichosha mashine. Sasa kingetumwa moja kwa moja kutoka kilipo kwenye memori, ila sehemu hiyo ya memori sharti ifungwe, isihamishwe, hadi mtandao umalize nayo. Na mfumo una kikomo: mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kufunga kiasi kidogo tu. Caleb aliijaribu akiwa ameingia kama msimamizi mkuu, ambaye kikomo hakimhusu. Ikaenda vizuri. Siku ya mazishi akaiendesha kwa jina la mtumiaji wa kawaida, kama alivyozoea. Mjuaji kupita kiasi, yule! Hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Watazamaji walipofika mia nne, kikomo kikajaa na mfumo ukakataa kutuma. Mimi na Mama Apondi, kwake nyumbani, tukabaki na picha iliyoganda: mikono ya wanaume juu ya kifuniko, hawajakiinua bado.

Nikampigia Caleb. "Itachukua muda gani?"

"Sijui, Mama Whitney. Inakataa tu, na sioni shida iko wapi."

Simu ya shemeji ikaingia kwa Mama Apondi. Kule mvua ilikuwa imeanza, watu wamesimama wakingoja neno la mjane. "Shemeji, umemwona?"

Mama Apondi akaitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Nimemwona," akasema. "Mfunge."

Nilitaka kumnyang'anya simu. Akanikazia macho, nikaurudisha mkono.

Picha iliporudi, tuliona watu wakirudishia udongo. Caleb alikuwa ameigundua shida na kupandisha kikomo. Mstari mmoja tu wa maandishi, basi.

Jumapili alikuja na rekodi ya kamera ile kwenye flashi. Alishaona kwenye mashine yake kwamba kwa dakika kumi na moja hakuna mtu hata mmoja, Mama Apondi akiwemo, aliyepata picha.

"Mathe, nisamehe. Hii iko na kila kitu."

Mama Apondi akairudisha mkononi mwa Caleb. "Kaa nayo, mwanangu. Siku ile mume wangu alikuwa ananingoja. Humo haningoji tena."

Caleb alilia pale pale kitini, na mimi sikuwa na moyo wa kumbembeleza.