Ramani Isiyo na Kisima Kikavu

Ladha ya maji yale haikumtoka Juwairiya kinywani. Aliyanywa Busiu, mwaka wa tisini na saba, kando ya pampu iliyokauka, kutoka kikombe cha plastiki alichopewa kwa mikono miwili na Gorreti, mwanamke aliyechaguliwa na wanakijiji wenzake kuitunza pampu hiyo. Yalikuwa maji ya dimbwi, rangi ya chai iliyolala, yenye harufu ya mkojo wa ng'ombe. Angeweza kusema amefunga. Lakini bibi yake Hajara, aliyemlea kule Bugembe katika ukoo wa askari wa Kinubi, alimfunza kwamba kikombe cha mwenyeji hakirudishwi. Akameza. Kisha akamwahidi Gorreti kwamba pampu yake itawekwa kwenye ramani pamoja na zilizokauka, na mashine ya kuchimba itakuja.

Ahadi aliweza kuitoa, maana ramani ndiyo ilikuwa kazi yake. Chuoni alisomea upimaji wa ardhi. Mumewe alimwacha akidai kwamba mwanamke anayezunguka vijijini na utepe wa kupimia hana jiko; naye hakumlilia sana. Mradi wa maji uliomwajiri ulikuwa na ofisi mbili. Ya Mbale ilikuwa na kompyuta mpya, ya madirisha na kipanya. Ya Jinja, alikokaa yeye, ilibaki na ile ya zamani, kioo cheusi na amri za kuandika herufi kwa herufi, ila ndiyo pekee iliyounganishwa na mtambo wa kuchora ramani kubwa.

Swali la kuiuliza kompyuta lilikuwa lile lile kote: nionyeshe visima ambavyo hali yake ni "kavu". Mbale ulibonyeza tu neno hilo dirishani, na programu yenyewe ikalitia alama za kunukuu. Jinja uliandika mwenyewe, na mashine ilizimeza alama hizo kabla programu haijaziona, isipokuwa swali zima liwe limefungwa kwa jozi nyingine kwa nje. Ni kama chapati ya barabarani iliyofungwa kwa gazeti mara mbili: la nje huishia njiani, la ndani ndilo linalofika na chapati.

Ijumaa moja, Juwairiya akiwa msikitini, mkuu wake Injinia Arnold alifika kutoka Mbale na swali lake kwenye kikaratasi. Akaliandika mwenyewe, vile vile lilivyokaa dirishani. Juwairiya aliporudi alikuta soda zimefunguliwa na ramani imetandazwa mezani, buluu tupu, rangi ya visima vyenye maji, bila doa jekundu la kikavu.

"Madamu, njoo uone! Wilaya nzima, hakuna kisima kikavu hata kimoja!"

"Na Busiu, Injinia?"

"Busiu wamepona."

"Nani amewaponya? Nilikuwa huko wiki hii."

"Ah! Kompyuta haina shangazi Busiu."

Ofisi ikacheka. Juwairiya akainamia kioo. Mstari wa onyo ulikuwa bado pale: programu, ikiwa imenyang'anywa alama zake, ilidhani "kavu" ni jina la safu nyingine ya jedwali la visima, ikaitafuta, ikaikosa, ikachora ramani bila kisima kikavu chochote. Akamweleza Arnold taratibu, hata mfano wa chapati akautoa. "Kila mtu hukosea hapa. Niache nichore upya, si kazi ndefu."

Arnold alisoma lile onyo. Akaitazama ramani, kisha akashusha sauti. "Wafadhili wanakuja Jumatatu. Unataka niwaonyeshe madoa mekundu? Hii imependeza. Wakiondoka, utaweka hivyo vidoa vyako."

"Wakiondoka, mashine ya kuchimba itakuwa imeshapangiwa njia."

"Basi Busiu watangoja mwaka ujao. Si wamezoea?"

Akainua soda yake akanywa. Hapo ndipo ladha ile ilipompanda Juwairiya kooni. Kosa halikumchukiza. Kilichomchukiza ni kwamba mtu huyu alikuwa ameelewa.

Jumatatu, Mbale, mkuu wa wafadhili alikuwa mama mzee wa Kizungu aliyeishi Kenya na kujua Kiswahili chake vizuri. Aliitazama ramani ukutani. "Kama vyote ni vizima, nipelekeni kimoja chochote. Nani atachagua?"

"Busiu," Juwairiya akasema, kabla Arnold hajafungua mdomo. "Iko hapo tu, barabara ya Tororo."

Walipofika, Nasur, dereva wa mradi, alishika mpini wa pampu akasukuma. Chuma kililia, ikatoka hewa. Gorreti alikuja mbio kwa furaha, akidhani wachimbaji wamefika, akapiga magoti mbele ya Arnold na kikombe chake.

"Kunywa, bwana mkubwa. Jua ni kali."

Arnold alichungulia ndani ya kikombe. Kila mtu alikuwa akimtazama. Akageuka.

"Nasur, wewe umeendesha gari. Kunywa."

"Ndiyo, afande," Nasur akasema, akakipokea.

Juwairiya alikitoa mkononi mwa dereva. "Kikombe umepewa wewe, Injinia."

Arnold hakunyoosha mkono. Yule mama akakichukua, akanusa, akakiweka chini polepole. "Ramani yako inasemaje juu ya hapa?"

"Kompyuta ilikosea, madamu."

"Basi mashine ya kuchimba itaanzia hapa. Na hiyo ramani ichorwe upya."

Gorreti alipiga vigelegele, wanawake wa dimbwini wakamwitikia.

Njiani kurudi Arnold alichangamka. "Umeona, madamu? Mambo yameisha vizuri." Akafungua soda, akaufuta mdomo wa chupa kwa leso, mara mbili, ingawa hakuna aliyeugusa.

"Nasur, simama," Juwairiya akasema. Akashuka, akainama kwenye majani ya barabarani, akatapika.

"Pole," Arnold akaita kutoka dirishani. "Ni yale maji yao, siyo?"

"La," akajibu, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Yale niliyameza."