Shati Jeupe la Ndugu Mkaguzi

Mwalimu Carlota alikuwa mgeni wa aina ambayo ofisi ya elimu haikuijua vizuri. Hakuwa Mzungu wa kujitolea, ambaye akifika hupewa nyumba ya matofali na friji ya mafuta ya taa. Hakuwa pia mwalimu wa chuo, aliyesomea ualimu, ambaye akisikia amepangiwa Mtwara huugua siku hiyohiyo. Alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, amevuka akikimbia mabomu ya Wareno, na katika vyote alivyokuja navyo kimoja tu kilikuwa na soko wilayani: Kiingereza.

Kiingereza hicho alikipata jikoni. Baba yake alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la chai huko Nyasaland, Malawi ya leo, na Carlota alikulia kati ya jiko na veranda, akimsikiliza mke wa meneja akimgombeza mumewe kwa lugha fasaha. Kwa hiyo alijua kusema kwamba maji ya kuoga yako tayari, kwamba maziwa yameharibika, na kwamba fulani ni mjinga asiyetibika. Yaliyopungua aliyajazia kwa Biblia. Darasa la tano la shule yetu, upande wa Mahurunga, lilikuwa pengine la pekee nchini ambalo kila mtoto aliweza kumwarifu bwana mkubwa kuwa maji yake yako tayari. Mwaka ule wa 1971 hatukuwa na bwana mkubwa hata mmoja, wala bafu.

Aliajiriwa kwa muda. Neno hilo lilimkosesha raha, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni muda gani, na yeye aliogopa kuuliza wasije wakakumbuka. Habari alizipata kwa Salumu, mwalimu mkuu, mtu wa Mikindani, mpole, mwenye kipaji cha kutoa taarifa za ofisi kwa sauti ya kutoa pole.

"Dada Carlota, wiki ijayo anakuja mkaguzi. Akikuona unafaa, unabaki."

"Akiniona sifai?"

"Utapelekwa kambi ya wakimbizi, huko bara, ukae na wenzako. Pazuri tu. Kuna mashamba."

"Na mama akivuka?"

Habari za mama huyo alizijua kila mtu. Aliitwa Laurinda, alibaki ng'ambo akisema atafuata muhogo ukishakomaa, na muhogo ulikuwa umekomaa, ukachimbwa, ukapandwa mwingine. Carlota alipanga chumba kwenye njia ileile ya mtoni ili mtu wa kwanza atakayeulizwa na mama yake aweze kuonyesha mlango kwa kidole. Akihamishwa, mama atavuka mto wenye mamba na wanajeshi, atafika kijijini, aambiwe: alikuwepo.

Jirani yake, Bibi Mwanakombo, muuza samaki, aliona mabadiliko kabla ya wengine.

"Mwalimu, umekonda. Huyo mkaguzi anakula watu?"

"Anauliza maswali, Bibi. Na Kiingereza changu ni cha jikoni."

"Kwani yeye hali?"

Carlota hakucheka. Siku hizo alikuwa akicheka kwa kuchelewa, kama mtu anayesubiri ruhusa.

Kijiji kilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: cheupe hakikai wazi. Tangu ndege za Wareno zianze kupotea njia na kuja upande wetu na mabomu yao, shuka zilianikwa ndani, makopa ya muhogo yalifunikwa majani, na kanzu za Ijumaa ziligeuka rangi ya chai. Mashati ya shule tuliyachemsha pamoja na magome ya mikoko yaliyoletwa kutoka mlangoni mwa mto, yakatoka mekundu ya kutu. Nyuma ya shule kulikuwa na handaki. Kwa kuwa amri ni rahisi kufundisha kuliko hadithi, Carlota alizifundisha kwa Kiingereza: chini, shimoni, funika cheupe. Amri ya mwisho ilimaanisha kwamba ukimwona mwenzako ana kitu cheupe, kitambaa au hata bandeji, unakimwagia udongo. Somo hili lilipendwa kuliko mengine yote.

Mkaguzi alikuja na Landrover. Jina lake Josephu, kijana wa kutoka kaskazini, kule kwenye migomba na baridi, na Mtwara alikuwa na mwezi tu. Inaelekea aliambiwa kwamba huku ni mazingira magumu, akaamua kupambana nayo kwa pasi. Shati lilikuwa jeupe la kuumiza macho. Soksi ndefu nazo nyeupe, mpaka magotini.

"Mwalimu Mkuu," alisema, akiwatazama watoto mstarini, "hawa hawafui?"

"Wanafua, Ndugu Mkaguzi. Wakishafua wanatia magome."

"Ya nini?"

"Ni desturi ya hapa," alisema Salumu.

Ndani ofisini, mgongoni mwa kiti, lilikuwepo koti la kahawia la mwalimu mkuu, na kila mwalimu alijua lingemfaa mgeni. Lakini Salumu alilelewa pwani, na kwao mgeni hawezi kuambiwa kwamba nguo aliyokuja nayo ina kasoro, sembuse kwamba inaweza kuua watu. Alimwuliza kama anaona baridi. Ilikuwa saa nne, jua kali. Mkaguzi akasema hapana. Adabu ikawa imefika mwisho wake. Carlota angeweza kusema wazi, lakini mtu anayeomba kubakishwa haanzi kwa kumkosoa anayebakisha. Akalitazama shati, akatazama juu, akaingia darasani.

Mkaguzi alikaa nyuma, kisha akasimama na kuuliza, kwa Kiingereza, watoto hufanya nini asubuhi. Mwishowe akainuka Mwasiti, binti wa mvuvi.

"Namwambia bwana maji yake ya kuoga yako tayari."

"Bwana yupi?"

"Yeyote, bwana."

Carlota alijiona tayari yuko kambini, anapalilia. Hapo ndipo muungurumo uliposikika, kwanza kama pikipiki ya mbali, halafu kama kitu kisichohitaji barabara.

Hakuamua. Mdomo wake uliamua. "Chini," alisema, wala hakupaza sauti. "Shimoni."

Darasa likatoka kwa mlango na kwa madirisha, ambayo kwa bahati hayakuwa na vioo. Mkaguzi naye alitoka, lakini hadi katikati ya uwanja tu, akasimama pale akitazama juu na mkono kwenye paji la uso, aking'aa. Carlota akamshika mkono wa shati, akamvuta, wakaanguka wote ndani ya handaki, lililokuwa na maji ya mvua ya juzi. Na kwa kuwa mwalimu akianza zoezi hulimaliza, akasema amri ya tatu.

Watoto walitii. Walimwagia udongo kifuani, mgongoni, mabegani, kwa bidii ambayo mkaguzi yeyote angeifurahia akiwa amekaa kwenye kiti. Mwasiti alishughulikia soksi. Ndege ikapita juu, kubwa, bila haraka, ikielekea Mtwara mjini. Ilikuwa ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam, imezunguka kukwepa wingu.

"Nani ameagiza hivi?" aliuliza mkaguzi kwa Kiingereza, baada ya kutema udongo.

"Mwalimu, bwana," alijibu Mwasiti kwa lugha hiyohiyo. "Wewe ni mweupe sana."

"Na sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja, bwana, mpaka mwalimu aseme."

Akawauliza na wengine: tuko wapi, tunamwogopa nani, ndege imekwenda wapi. Walijibu wote, sentensi nzima nzima, kitu ambacho darasani kilikuwa hakijawahi kutokea. Lakini nadhani aliendelea kuuliza zaidi kwa sababu aliona haya kutoka shimoni, Salumu akiwa amesimama ukingoni na koti la kahawia mkononi.

Walipomtoa, Carlota alitaka kuomba radhi. Mwasiti akamtangulia, akaenda mbio kwa Bibi Mwanakombo, akarudi, akasimama wima mbele ya mgeni na kusema alichofundishwa tangu Januari: kwamba maji yake ya kuoga yako tayari.

Na kweli yalikuwa tayari.

Baadaye mkaguzi alikaa barazani kwa mwalimu mkuu, amejifunga msuri kiunoni na kuvaa koti la kahawia, akamwita Carlota.

"Ile ndege naijua," alisema mkaguzi. "Ndiyo iliyonileta."

"Nisamehe, Ndugu Mkaguzi."

"Niliijua nikiwa bado nimelala chini." Akanywa chai. "Sikuinuka hata hivyo."

Carlota hakujua kama hilo ni swali.

"Kiingereza chako ni cha ajabu, Mwalimu. Sijui watoto hawa watakitumia wapi. Ila wanakielewa. Utabaki mpaka apatikane mwalimu wa chuo. Akipatikana, utakwenda kambini. Hilo siwezi kulibadili."

"Ndiyo, Ndugu Mkaguzi."

"Kuna mtu unamngoja hapa?"

"Mama."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akaomba shati lake. Bibi Mwanakombo alikuwa amelifua mara mbili. Lilipokataa kutakata, alilichemsha na magome bila kumwuliza mtu.

Mwaka uliofuata Landrover ilikuja tena. Carlota aliiona kutoka dirishani. Mama alikuwa hajavuka. Watu waliovuka juzi walisema wamemwona, anapanda muhogo. Mkaguzi aliteremka amevaa shati lilelile, rangi ya kutu, na soksi fupi.

"Mwalimu wa chuo amepatikana?" Carlota alimwuliza kabla ya salamu, jambo ambalo Salumu alilikumbuka kwa uchungu miaka mingi.

"Alipatikana."

"Yuko garini?"

"Ameugua," alisema mkaguzi. "Aliletewa barua ya kituo chake, akaugua palepale."

Carlota alisema pole. Halafu akawaambia watoto wasimame wamsalimu mgeni, na wakati wakimsalimu yeye alikuwa anatazama njia ya mtoni.