Jaji Tuliyemfanya Ndugu

Jirani yangu Hermelinda Cantú alinyang'anywa mjukuu, na ushauri uliomponza ulikuwa wangu. Nalisema mapema, maana hapa bondeni kila mtu ana namna yake ya kukisimulia kisa hiki. Yangu ndiyo ya kweli, ukiondoa pale ninapotia chumvi.

Hermelinda alichuma vitunguu miaka arobaini. Mgongo ulimpinda mpaka akawa anawatambua watu kwa viatu vyao. Binti yake alipofukuzwa hapa Texas na kurudishwa Mexico, ng'ambo ya mto, alimwachia Yaretzi, mtoto wa miaka mitatu. Wakaja watu wa ustawi wa jamii na makaratasi: nyumba haina bomba, bibi ni mzee, mtoto akalelewe kwingine. Kesi ikapangwa mbele ya Jaji Baldemar Ochoa.

"Baldemar!" nikapiga kofi. "Si ni wa mtaa huuhuu? Mama yake mlichuma naye vitunguu mstari mmoja!"

"Sasa ni jaji, Chonita. Atanijulia wapi?"

"Mfanye akujue! Mtoto hajabatizwa. Mwombe awe baba wa ubatizo. Mkishaitana kompadre na komadre, ndugu wa ubatizo, atamtoaje mwanawe mwenyewe?"

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na majaji wetu hupigiwa kura. Mwaka huo Baldemar hakukataa mtoto yeyote. Mimi nilihesabu mia mbili, na mbuzi mmoja. Alikubali palepale, taco ya nyama mkononi, bila kuuliza kitu. Habari za kesi hatukumwambia. Hilo nalo lilikuwa wazo langu. Tulipika tamale za mahindi siku mbili, harufu yake ikawavusha mto mbwa wa ng'ambo bila kibali. Kanisani akambeba Yaretzi, maji yakamwagwa, akamwita Hermelinda "komadre" padri akisikia.

Siku ya kesi tuliingia mahakamani kifua mbele. Jaji akafungua jalada, akamtazama mtoto, akavua miwani.

"Mama Cantú, huyu si yule niliyemsimamia ubatizo?"

"Ndiye, kompadre," Hermelinda akajibu, meno yote nje.

Wakili wetu, Leticia Zamarripa, akafumba macho.

"Basi siwezi kuisikiliza kesi hii," jaji akasema. "Itakwenda kwa mwingine." Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye korido Leticia alitugeukia. "Nani kawafundisha haya? Miezi minne naomba kesi imwangukie huyu! Yeye mwenyewe kalelewa na bibi, nyumba haina bomba! Angeelewa bila kuambiwa!"

Mimi nikaanza kukagua dari.

Alhamisi akaja jaji mgeni kutoka kaskazini. Hermelinda akamwambia, "Mheshimiwa, maji nachota kwa jirani. Namwogesha kila siku, hata masikio."

"Sina shaka unampenda," akajibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Kisha akatia saini.

Baldemar alikuwa amesimama mwisho wa korido, bila joho. Hermelinda akamwendea mbio, mgongo na yote.

"Kompadre, sema neno! Neno moja tu!"

"Nikisema, komadre, wataniita mpendeleaji, na rufaa yako itakufa kabla haijazaliwa."

Yaretzi, mkononi mwa mwanamke wa ustawi, alimwona akamnyooshea mikono yote miwili. Baldemar alitia ya kwake mifukoni. Aliiweka humo mpaka gari likaondoka.

Leticia amekata rufaa. Anasema tuwe na bomba kabla ya siku sitini, huenda likasaidia, na huenda lisisaidie. Kwa hiyo tunachimba mtaro kutoka barabarani, mimi na Hermelinda, vikongwe wawili na jembe moja. Udongo ni mgumu kama moyo wa mkwe. Hermelinda haongei nami. Jana nikamwanzia kile kisa cha mbuzi aliyebatizwa, kile ambacho zamani kilimchekesha mpaka ajikojolee.

"Chimba, Chonita," akasema.

Nikachimba.