Wanjala, Mrukaji wa Theluji

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu hunifanya nishindwe kukaa, hata sasa uzee umenishika magoti. Zamani mama alikuwa na kazi ya kusugua nyumba moja ya matajiri kule Parklands mpaka unaona meno yako sakafuni. Siku moja mama mwenye nyumba, mnene wa heshima zake, akateleza na sinia la chapati. Chapati zikatangulia, yeye akafuata. Mimi shule niliiacha mapema, lakini siku hiyo nilifuzu kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Ah, nimepotea. Nilitaka kusema habari ya kuteleza.

Mabaki ya nta mama aliyaleta mtaani kwetu Riruta, na kaka yangu Wanjala akayapaka chini ya mbao mbili za baba, fundi seremala. Akazifunga miguuni kwa mpira wa tyubu, akateremka kwenye nyasi za uwanja wa Jamhuri, akaruka tuta, akapinduka hewani. Alichapwa. Kesho yake akarudi. Kutulia hakukujua, hata akisali, mguu ulicheza.

Baadaye mteja mmoja wa baba, mzungu, akampeleka ng'ambo asomee useremala. Alirudi mimi nikiwa nimeota meno mapya ya mbele, na bega lake moja, lililovunjika huko, limeunga upande. Useremala alikuwa ameuacha. Alianza kwa kufagia theluji mlimani, alituambia, akaazima mbao za kuteleza, akajifunza kupinduka kwa kuangukia bwawani wakati wa joto. Sasa anashindana, anaruka na waamuzi wanampa alama. Ameitwa kwenye shindano kubwa, na kwetu mtu haendi vitani bila baraka ya baba. Hiyo ndiyo iliyomleta.

Akatoa picha, yuko hewani, miguu juu. Baba akaigeuza mpaka kichwa cha mwanawe kikakaa juu na theluji ikawa mbinguni.

"Sasa ndiyo mtu."

"Baba, umeipindua picha."

"Aliyepinduka ni wewe."

Mama Mutua, jirani yetu Mkamba, akaangua kicheko. "Heh, Wanjala! Kumbe huko mtu akianguka anapigiwa makofi? Na vile mimi naanguka hapa kwa matope, si ningekuwa malkia!"

Hata Wanjala alicheka. Kisha kuku akaletwa. Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba. Akimpa mwingine, amemtangaza mbele ya wote kuwa mwanamume kamili. Mguu wa Wanjala ukaacha kucheza. Baba akaishika firigisi, akaitazama, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Huyu ndiye atakuwa seremala."

Nikaila. Ilikuwa tamu, siwadanganyi, na nilidhani ni mapenzi tu. Mpaka nilipopata wanangu ndipo nikaelewa kwamba nilitafuna baraka ya mwingine, na kwamba baba hakuwa na hasira hata kidogo. Aliliogopa lile bega. Hofu ya baba zetu haikuwa na mlango mwingine, ilitokea kupitia ukali.

Wanjala alimaliza ugali wake, akamshukuru mama, akanawa mikono polepole.

"Natoka kidogo, mama."

"Usikawie, chai iko motoni."

Akapita langoni bila mfuko, bila koti, akaishika barabara ya Naivasha, na hakurudi tena.